Kigingi cha Kona

Begi la baba lilinifikia wiki iliyopita, limeletwa na jirani yetu wa Tanga aliyekuja kutafuta kazi huku Dubai. Ni lile begi lake la turubai, la kazini. Nililifungulia kitandani, kwenye chumba ninachokaa na wenzangu wawili wa hoteli tunayofanyia kazi pale Dubai Marina. Kabla sijaona kitu chochote, harufu ilinitangulia: nyasi zilizokauka, petroli, na kwa mbali ile rangi ya kuchorea mistari ya uwanja. Tulimzika baba miezi minne iliyopita na sikulia sana. Nilililia zipu ya begi.

Ndani mlikuwa na kofia yake, futi ndefu ya kamba ambayo haijikunji tena, na glavu ya mkono mmoja. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, palikuwa na kigingi cha mbao chenye kichwa cha njano. Mara ya mwisho kukiona kigingi hicho nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimekiiba.

Enzi hizo tulikaa Al Rigga, hapahapa Dubai, chumba kimoja katika fleti ya watu wengi. Mama alipiga pasi kwenye dobi la hoteli, na baba alikuwa mtunza nyasi wa uwanja wa mpira. Watu wakisikia Dubai wanafikiria maghorofa. Mimi nikisikia Dubai nafikiria nyasi, kwa sababu ndizo zilizotulisha. Baba alizinywesha, alizikata, alizimwagia mchanga, na wakati wa joto alizihurumia kuliko alivyotuhurumia sisi. Akirudi jioni alikuwa na msemo wake: "Leo kiwanja changu kimechoka." Au: "Kiwanja changu kimepata ukungu upande wa kaskazini." Nami niliamini kwamba kiwanja ni chake, yaani chetu, kama birika na kitanda vilivyokuwa vyetu.

Kilichonimaliza ni kwamba mama naye alikuwa na kiwanja mdomoni. Kila Ijumaa alimpigia Mjomba Salimu, kaka yake aliyebaki Tanga, na mazungumzo hayakwisha bila kutaja kiwanja chetu. Hakuna aliyenieleza kwamba hivyo ni viwanja viwili, kimoja cha kuchezea mpira na kingine cha kujengea nyumba. Nilitoka Tanga nikiwa nabebwa mgongoni, hicho cha nyumba sikuwahi kukiona. Kiwanja nilichokijua kilikuwa na viti vya plastiki vya bluu na taa nne ndefu.

Ijumaa moja mama alipiga simu akiwa amesimama, na haikuwa kawaida yake.

"Salimu, si aliazima tu yule? Si alisema anataka kulima mihogo miaka miwili? Leo anachomeka vigingi?" Alisikiliza, mkono kiunoni. "Sasa wewe ulimwambia nini? Ukanyamaza? Salimu! Mtu akishachomeka vigingi akaweka mipaka yake nanyi mkanyamaza, khalas, kiwanja kimekwenda!"

Alipokata simu macho yake yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kama kiwanja kinachukuliwa. Akaniambia niende nikafanye hesabu zangu, mambo haya ni ya wakubwa. Nilikwenda, lakini hesabu hazikufanyika.

Wiki hiyohiyo baba alileta habari yake. Tulikuwa tunakula. Mkuu wa uwanja, ambaye sote tulimwita Mudir, alikuwa amemwita ofisini. Mkataba wa baba ulikuwa unakwisha mwezi unaofuata, na kulikuwa na kampuni iliyotaka kuleta watu wake wa nyasi. Lakini kabla ya hapo kuna wageni wanakuja.

"Kaniambia hivi: Juma, hawa wageni wakiondoka wameridhika, unabaki. Wasiporidhika, khalas."

"Basi pima mara mbili," mama akasema.

"Nitapima mara tatu."

Hata mimi nilijua maana yake. Visa yangu na ya mama zilining'inia kwenye visa ya baba, na ya baba ilining'inia kwenye kazi. Nyumbani kwetu jambo hilo lilitajwa mara nyingi kuliko sala.

Wageni wenyewe walikuwa timu mbili za mpira wa Kimarekani kutoka Ulaya, wanaokuja kucheza mechi moja ya maonyesho. Ilinivuruga kichwa. Mpira wa Wamarekani, unachezwa na Wazungu wa Ulaya, kwenye nchi ya Waarabu, na unashikwa mkononi. Katana, kijana wa Kilifi aliyefanya kazi na baba, aliuona kwenye simu yake akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Juma, hii si ball. Hii ni fujo imepewa refa."

Shule zilikuwa zimefungwa na mama alipangiwa zamu za asubuhi, kwa hiyo baba alinipeleka kazini kinyume cha sheria. Tulipanda metro Al Rigga kabla jua halijatoka. Masharti yalikuwa mawili: nikae kwenye viti, na Mudir akitokea nijifanye mdogo.

Asubuhi hiyo nilimwona mtu wao wa viwanja, mzee mrefu wa Kijerumani aliyeitwa Dieter, magoti yake yamechubuka kama ya mtoto. Yeye na baba walipishana mbali kwa umri na kwa lugha, lakini baada ya nusu saa walikuwa wanapima pamoja kana kwamba wamekua nyumba moja. Wakapiga vigingi, wakavuta kamba, wakahesabu kwa yadi, baba akarudia kwa mita. Vigingi vinne vya kona vilikuwa na vichwa vya njano. Vingine vilikuwa mbao tupu. Kiwanja chao kilikuwa chembamba kuliko chetu lakini kirefu zaidi, kikapitiliza mistari ya magoli pande zote mbili. Niliona jambo hilo nikaudhika. Yaani wamekuja kwa watu, na bado hawatosheki na nafasi waliyoikuta!

Walipopumzika kunywa chai nilishuka nikakaa miguuni kwa baba. Dieter alikuwa anamwonyesha picha za viwanja kwenye simu. Huu hapa, alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata, una njia ya riadha imeuzunguka. Kona zetu mbili zinaangukia kwenye njia ya wakimbiaji, basi tunazikata. Huu mwingine ni mkubwa mno, watu wetu hawaujazi, viti vya juu vinafunikwa kwa vitambaa. Na huu tunacheza Jumamosi, halafu Jumapili wenye uwanja wanataka kucheza soka, na hawataki kuona hata alama yetu moja, kwa hiyo tunasugua mpaka giza.

"Na uwanja wenu wenyewe ni upi?" baba akamuuliza.

Dieter alicheka. "Hakuna. Tunaazima. Kila mahali tunaazima."

Baba akanigeukia anitafsirie, na alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzake. "Umesikia, Zuhura? Hawa kazi yao kuazima viwanja vya watu. Wanaazima, wanachomeka vigingi vyao, wanaweka mipaka yao, basi."

Maneno yaleyale. Aliazima. Vigingi. Mipaka. Nilimtazama baba yangu anavyocheka na yule mzee, anampa sukari ya pili. Nilidhani hajui. Mama anajua, analia kwenye simu, na baba anamsaidia mwizi kuvuta kamba! Nilitaka kumwambia palepale, lakini mama alishasema mambo haya ni ya wakubwa, na mimi sikuwa mkubwa. Nilikuwa na begi la shule na chapati mbili.

Waliendelea kupima mpaka adhuhuri. Baba alipima kona kwa kona, akapima tena, na mara ya tatu akamwita Dieter ashike ncha nyingine ya futi. Wote wakaridhika. Baba akaenda kuswali, Katana akaenda kula, Dieter akaenda getini kupokea makopo ya rangi.

"Sikiza wewe mtoto," Katana aliniambia akipita, "kamba usiguse, eh? Babako atanichinja."

Nikasubiri mgongo wake upotee. Kisha nikashuka.

Nakumbuka jinsi nyasi zilivyokuwa baridi chini ya jua lile, na ukimya wa viti elfu kadhaa vikinitazama. Nilikwenda kwenye kona ya mbali. Kigingi kilikuwa kimezama, nikakitikisa, nikakivuta kwa mikono miwili mpaka nikaanguka nacho kitako. Kamba ikalegea upande mzima. Nilikitia kwenye begi, katikati ya daftari. Nilipanga kung'oa vyote vinne, nisiache kitu, mama apige simu Ijumaa amwambie mjomba kwamba sisi huku hatukunyamaza.

Ndipo niliposikia mlango wa stoo ukibamizwa. Katana alikuwa anarudi, amesahau simu yake. Woga ukanivaa. Kamba iliyolegea ilikuwa inaonekana wazi. Kando yangu palikuwa na ndoo ya vigingi vya akiba, vile vya mbao tupu. Nikachukua kimoja, nikakichomeka pale nilipokuwa nimepiga magoti, nikaivuta kamba na kuifunga kwa fundo pekee nililolijua, lile la kamba za viatu, lenye masikio mawili. Nikakimbia kwenda vitini. Kutoka shimo la zamani mpaka pale nilipochomeka ilikuwa kama hatua mbili za mtu mzima kuingia ndani. Sikuhesabu. Sikujua kama kuna cha kuhesabu.

Waliporudi hawakupima tena. Kwa nini wapime? Walikuwa wamepima mara tatu. Baba alishika mashine ya rangi akaanza kutembea polepole akifuata kamba, na mstari wa njano ukatoka nyuma yake. Alitembea anavyotembea mtu anayebeba uji wa moto. Ukiwa chini huwezi kuona kosa. Mistari ya soka, ile myeupe, ilikuwa mbali upande wa nje, na hatua mbili katika urefu wa uwanja mzima hazionekani kwa mtu aliyeinama.

Mimi nilihama kufuata kivuli, safu hata safu, mpaka nikafika juu. Kutoka juu nikaona. Ule upande mzima ulikuwa umepinda. Ulianza vizuri upande wa baba, kisha ukaingia ndani taratibu kuelekea kona yangu, na mistari midogo yote ya kukata katikati ikaanza kupungua urefu mmojammoja. Mwanzoni nilifurahi, nasema kweli. Nilijiambia mpaka uliopinda si mpaka. Baba akachora mstari wa tano, wa sita, wa saba, jasho likimtoka shingoni, na kila alipomaliza mmoja alisimama akauangalia na kuridhika nao. Hapo ndipo furaha yangu ilipokufa. Nikakumbuka sauti yake tukiwa tunakula. Wasiporidhika, khalas.

Ningeweza kupiga kelele. Sauti ingefika, uwanja ulikuwa mtupu. Nilifungua mdomo mara mbili. Nikashuka ngazi tatu, nikapanda tena tatu. Nilikuwa mwoga, na sina namna ya kulipamba hilo.

Mudir alitokea kwenye viti vya wakubwa, alasiri ikikaribia, akiwa na wageni wawili waliovaa suti. Nikajifanya mdogo nyuma ya kiti. Mmoja wa wale wageni aliinua simu apige picha, akaishusha, akainua tena, akainamisha kichwa upande. Akasema kitu. Mudir akasogea kwenye reli, akatazama.

"Juma!" Sauti ilizunguka uwanja wote. "Juma! Nini hii? Umepaka nini kwenye uwanja wangu?"

Baba alizima mashine. Alitazama juu, kisha akapiga goti akaweka jicho usawa wa mstari. Alikaa hivyo kama anasikiliza kitu ardhini. Alipoinuka hakumtazama Mudir. Alitembea moja kwa moja mpaka kona ya mbali, na Mudir naye akawa anashuka ngazi mbilimbili. Niliona baba akichutama pale. Aliona kigingi cha mbao tupu mahali pa kigingi cha njano. Aliona fundo. Akabaki amelishika sikio moja la ile kamba kati ya vidole, nami nikadhani anashangaa tu. Kisha akalivuta. Mudir alipofika palikuwa na kamba iliyolala, basi.

"Nani kafanya hivi?"

"Sir, asubuhi ilikuwa sawa kabisa," Katana akadakia, amekuja mbio. "Tumepima kona kwa kona, hata mzee Dieter alishika futi, sasa nani—"

"Ni mimi, sir," baba akasema.

Katana akamgeukia. "Mzee Juma?"

"Nilikitoa nipitishe mashine. Nikakirudisha vibaya. Hawa hawana habari."

Dieter alikuwa amesimama na kopo mkononi. Alikitazama kigingi kile kitupu, akamtazama baba, kisha akainua macho taratibu kwenye viti vya juu, pale pale nilipokuwa. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa anaongea na Mudir kwa utulivu wa mtu ambaye ameona mabaya zaidi ya haya. Alisema ana makopo ya rangi ya kijani, hasafiri bila hayo. Alisema zimebaki saa tatu za jua. "Yalla," alimalizia, yaani haya twende, na neno hilo la Kiarabu mdomoni mwake lilimchekesha Katana hata katika hali ile.

Saa tatu hizo ndizo ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Walipaka kijani juu ya njano, mstari baada ya mstari, kwa brashi, wametambaa kwa magoti. Wakapima upya. Mudir alisimama pembeni mikono kifuani, hakukaa wala hakwenda kuswali alasiri kwa wakati. Jua likashuka mpaka likawa linapita kati ya viti. Mstari wa mwisho ulipomalizika baba alibaki amelala chali kwenye nyasi, kifua kikipanda na kushuka, na Dieter akampa mkono kumwinua.

Kwenye metro baba aliniuliza kitu kimoja tu. "Umechoka?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilimlalia begani, begi langu likiwa mapajani mwake, nikasinzia kabla ya kituo cha pili. Nyumbani nilipofungua begi kigingi hakikuwamo. Nilitoa daftari zote, nikakung'uta. Nikajiambia kimedondoka njiani, na nikashukuru.

Mechi ilichezwa, wageni wakapiga picha, wakaridhika na kuondoka. Mistari yao ikasuguliwa. Lakini mwezi uliofuata baba alirudi mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Wameleta watu wao," alimwambia mama. Mama hakuuliza kitu. Alianza kukunja nguo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nilikuwa sahihi: si nilisema watakichukua?

Siku ya pili baada ya kufika Tanga, baba alinishika mkono. "Twende tukakione kiwanja." Tulitembea na mama na Mjomba Salimu mpaka kwenye shamba la mihogo lililozungushiwa vigingi vya mtu. Nilitazama kulia na kushoto.

"Baba, viti viko wapi?"

"Viti gani?"

"Vya bluu. Na taa."

Mjomba alicheka. Baba hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, tangu usoni mpaka kwenye viatu vyangu, kwenye yale mafundo yenye masikio mawili. "Hiki ndicho kiwanja, Zuhura," alisema. "Hiki ndicho mama yako alikuwa anakisema siku zote." Kisha akaingia kwenye mihogo peke yake, akakaa huko kitambo.

Hapo nilielewa yote kwa mkupuo mmoja, na sikusema. Sikusema siku hiyo, wala mwaka huo, wala nilipomaliza shule, wala siku nilipopata kazi huku na baba akanisindikiza mpaka stendi. Kiwanja alikipigania yeye mwenyewe kwenye baraza la ardhi, alihudhuria kila kikao na futi yake begani, na kwa kuwa sasa yupo na hakunyamaza, alikipata. Si chote. Kona ya nyuma ilikatwa, akaachiwa yule aliyeazima kulima mihogo, kwa kuwa alikwisha kumwaga zege hapo. Nyumba yetu ina chumba kimoja kilichopinda mpaka leo.

Jana nilimpigia mama. Nilimwambia begi limefika, nikamwambia nimekuta kigingi.

"Eeh, hicho," akasema. "Kilikuwa pale nyuma, kwenye kona waliyotukata. Baba yako alikichomeka mwenyewe siku tuliyoshinda, akakizamisha mpaka udongo ukafunika kichwa. Tulipojenga ukuta akakitoa, akasema hiki ni cha Zuhura."

Nikauliza, ingawa nilishajua. "Alikitoa wapi?"

"Kwenye begi lako, mwanangu. Kwenye treni, ulipolala."

"Kwa hiyo alijua."

"Lile fundo alikufundisha nani?"

Nilisikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma ya sauti yake. Chumbani mwenzangu mmoja aliingia, akaniona, akatoka na kufunga mlango taratibu.

"Mbona hakuniambia, mama? Miaka yote hiyo. Mbona hakusema hata neno?"

"Alisema siku ukiuliza atakwambia." Nikamsikia akiwafukuza kuku. "Hukuuliza."